Karatasi ya Daressalam, Jembe la Ufipa

Noti ya rupia tano iliyotolewa na Deutsch-Ostafrikanische Bank, yaani Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ina tarehe ya 15 Juni 1905 na picha ya simba. Ya rupia kumi ina mandhari ya bandari ya Dar es Salaam. Za rupia 50 na 100 zina sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili. Zilipigwa chapa Leipzig, katika kiwanda cha Giesecke & Devrient, kwa ustadi ambao hata leo huwafanya wakusanyaji wazitafute kwa bei kubwa. Maneno yake ni ya Kijerumani, na maana yake si ngumu: benki itamlipa yeyote atakayeileta noti hii, pasi na kumwuliza yeye ni nani, kwenye dirisha lake la Daressalam.

Kwa mfanyabiashara wa Barabara ya Uhindini, dirisha hilo lilikuwa hatua chache kutoka dukani kwake. Kwa mtu wa Ufipa lilikuwa upande wa pili wa dunia. Ufipa ni nyanda za juu zilizoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Nchi ya baridi, ya upepo na majani, ambamo miti ni haba na macho huona mbali. Boma la Wajerumani la wilaya hiyo halikuwa Sumbawanga, bali Kasanga, chini kando ya ziwa, mahali walipopapa jina la Bismarckburg kwa heshima ya waziri wao mkuu wa zamani. Reli ya Kati, yenye urefu wa takriban kilomita 1,250, haikufika Kigoma hadi mwanzoni mwa 1914. Kabla ya hapo, aliyetaka kwenda kuidai benki ahadi yake alikuwa na safari ya miguu ya majuma mengi mbele yake. Na hata baada ya reli kufika, alipaswa kwanza kupata chombo cha kumvusha kutoka Kasanga hadi kaskazini mwa ziwa.

Yafaa kuuliza, basi, karatasi ile ilikutana na watu wa namna gani. Mara nyingi historia ya fedha ya bara husimuliwa kana kwamba kabla ya rupia palikuwa na utupu, watu wakibadilishana kuku kwa mihogo. Ufipa inaikanusha simulizi hiyo kwa ushahidi unaosimama mpaka leo katika mashamba na vilima vyake: matanuri ya kuyeyushia chuma.

Wafipa huliita tanuri hilo ilungu, na wingi wake malungu. Ni mnara wa udongo unaompita mtu kwa kimo, mpana chini na mwembamba juu, uliotobolewa matundu kuzunguka kitako chake. Katika matundu hayo zilipachikwa bomba za udongo, na ajabu ya ilungu ni kuwa halikuhitaji mvukuto. Urefu wake wenyewe ulivuta pumzi: moto ulipowaka ndani, hewa ya moto ilipanda na hewa baridi ikaingia chini, usiku na mchana, huku mkaa na mawe ya chuma vikiungua tabaka juu ya tabaka. Kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi ya kukitakasa. Baada ya hapo mhunzi alianza kufua jembe.

Kazi hiyo haikuwa ya mikono tu. Ilungu jipya lilipambwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa maana tanuri ndilo lililokuwa mke na chuma ndicho mtoto. Dawa zilizikwa chini yake kabla ya moto kuwashwa. Mtu wa pwani aliyewahi kuona jahazi likishushwa majini kwa dua na ubani hatauona ugeni mkubwa katika jambo hili. Chombo ambacho maisha ya watu yanakitegemea hakiachiwi mafundi peke yao.

Jembe lililotoka huko lilikuwa chombo cha kulimia, na wakati huohuo lilikuwa mali. Lilitolewa mahari, lilisafiri na kubadilishwa kwa vitu vingine, liliwekwa akiba. Thamani yake haikuandikwa juu yake wala haikungoja dirisha la mtu yeyote. Aliyepokea jembe alipokea siku za mkaa, za udongo, za moto na za nyundo. Na siku ambayo hakuna aliyelitaka kwa biashara, mwenyewe alilitia mpini akaenda shambani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nguo pia. Pamba ililimwa katika joto la bonde la Rukwa na ikafumwa huko na nyandani, kwa vitanda vya kufumia vilivyolazwa karibu na ardhi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hiyo mwaka 1880, aliwakuta watu wakifuma, na nguo hizo nzito zilijulikana mbali na Ufipa. Misafara ya pwani iliyofika ufukoni mwa ziwa ilikuja na merikani, nyepesi na rahisi, lakini haikuikuta nchi iliyo uchi. Merikani ilishinda hatimaye, si kwa sababu ilikuwa bora, bali kwa sababu ilikuwa nyingi.

Wala Wafipa hawakuwa wageni wa ahadi. Masimulizi yao makuu yanahusu makubaliano. Katika kijiji cha Milansi, chini ya mlima Itweelele, alitawala ukoo wa wahunzi. Yasimuliwa kwamba mfalme Ntatakwa alipokuwa mawindoni walifika wanawake wageni, na kabla hajarudi walikwishakaribishwa na kuketi mahali ambapo mgeni hapaswi kuketi. Kutoka kwao walizaliwa watawala wa Twa, ambao baadaye waligawanyika katika falme mbili za Nkansi na Lyangalile. Ntatakwa alipoteza utawala wa nchi, lakini kwa mapatano alibakiwa na mlima wake na heshima ya kwanza katika mambo ya ibada. Mapatano hayo hayakuandikwa mahali popote, na vizazi kwa vizazi Watwa waliyatimiza. Mtu aweza kuisoma hadithi hii kama ngano tu. Lakini nchi iliyojisimulia hivyo ilikuwa na kipimo chake cha neno lililotolewa na neno lililotimizwa.

Fedha ya Kijerumani ya kwanza kufika huko haikuwa ya serikali, wala haikuwa ya karatasi. Ilikuwa ya kampuni. Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ile kampuni ya Carl Peters ambayo watu wa mrima waliipiga vita mwaka 1888 chini ya Abushiri, ilianza mwaka 1890 kutoa sarafu zake. Rupia yake ya fedha ilikuwa na Kaiser upande mmoja, na upande wa pili simba na mtende. Pesa yake ya shaba ilikuwa na tai wa Kijerumani, na nyuma maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria 1307: sharikat Almaniya, sharika ya Kijerumani. Hapa msomaji wa visiwani atatabasamu. Kampuni iliyokuja kuwanyang'anya watu wa pwani forodha zao iliona haiwezi kuaminika sokoni mpaka iandike jina lake kwa herufi zao. Ni sarafu yenye unyenyekevu wa kulazimishwa, na pengine ndiyo fedha ya Kijerumani pekee katika nchi hii iliyowahi kumsemesha mtumiaji wake.

Unyenyekevu huo haukudumu. Serikali ya Berlin iliiondolea kampuni haki ya kutoa sarafu, na mwaka 1904 utaratibu mpya, ambao mtaalamu wake alikuwa Karl Helfferich, uliifunga rupia kwenye dhahabu ya Ujerumani: rupia 15 kwa marki 20. Rupia iliyokuwa na pesa 64 ikawa sasa na hela 100. Maandishi ya Kiarabu yakafutika. Mwaka uliofuata ikaundwa benki. Nayo, licha ya jina lake kubwa, haikuwa benki ya dola. Ilikuwa mali ya wanahisa, ile kampuni ya zamani ikiwa miongoni mwao pamoja na mabenki ya Berlin, na ilikuwa na haki ya kutoa noti kwa idhini ya serikali. Kampuni iliyotolewa kwa mlango wa sarafu ilirudi kwa mlango wa karatasi.

Tawi la Dar es Salaam lilifunguliwa mwezi Juni 1905. Mwezi uliofuata, katika milima ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba ya serikali na vita vya Maji Maji vikaanza. Ufipa haikuwa katika vita hivyo. Lakini sababu mojawapo iliyowasha moto ule, kodi, ilikuwapo Ufipa kama kwingineko. Kodi ya nyumba iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Mwanzoni iliruhusiwa kulipwa kwa mazao. Kadiri miaka ilivyopita ilidaiwa kwa fedha. Noti ndogo kuliko zote za benki ilikuwa ya rupia tano. Maana yake ni kwamba karatasi ndogo kabisa ya benki ile ilizidi kodi ya mwaka mzima ya kaya, na mwanakijiji wa Ufipa yumkini aliishi miaka yote tisa kabla ya vita bila ya kuwa na sababu ya kuishika. Rupia ya fedha na hela ya shaba aliijua vizuri. Simba wa Leipzig hawakuwa wake.

Vita ndivyo vilivyompelekea karatasi mlangoni. Agosti 1914 manuwari za Kiingereza zilikata njia ya bahari, na sarafu mpya hazikuweza kuja tena. Zilizokuwamo nchini zilianza kutoweka, kwa kuwa kila aliyekuwa na rupia ya fedha aliizika. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilitaka mishahara, chakula na wapagazi. Machi 1915 benki ikatoa noti za kwanza za muda, za rupia 20, zilizopigwa chapa hapa hapa nchini kwa mitambo iliyokuwapo. Zikafuata za thamani nyingine, na kabla mwaka haujaisha zilitoka noti za rupia moja, kwa wingi. Sasa karatasi ilikuwa imeshuka hadi kimo cha mkulima. Hazikuwa na simba wala bandari wala Kaiser: herufi za Kijerumani, namba, tarehe, sahihi. Karatasi yenyewe ilibadilika kwa kadiri ilivyopatikana, mpaka ikatumika hata ile ya kufungia bidhaa.

Ni katika noti hizi za muda ambapo tofauti baina ya jembe na karatasi inaonekana waziwazi. Noti ya 1905, hata kwa asiyeweza kuifikisha Daressalam, ilikuwa na nyuma yake sanduku la fedha mahali fulani. Noti ya 1915 ilikuwa na nyuma yake matumaini ya ushindi tu. Aliyeipokea kwa mtama wake, au kwa siku zake za kubeba mizigo, aliikopesha Ujerumani gharama ya vita bila kuulizwa. Hakuna haja ya kumdhania mkulima ujinga katika jambo hili. Kule kuzika rupia ya fedha na kuiacha karatasi ipite mkononi kwaonyesha kuwa alielewa barabara.

Kule Tabora, ambako serikali ilihamishia makao yake, watu wa reli waligeuza karakana kuwa kiwanda cha sarafu. Walitoa hela ishirini na hela tano za shaba iliyookotezwa, na mwaka 1916, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakatoa sarafu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Zilitolewa elfu kumi na sita na ushei tu. Ni sarafu nzuri, na waliozipenda walikuwa na sababu: dhahabu haingoji mshindi wa vita ajulikane. Aliyelipwa kwa karatasi na aliyelipwa kwa tembo wa Tabora walihudumu katika vita vilevile kwa ahadi mbili tofauti kabisa.

Ufipa iliupata mwisho mapema. Juni 1916 kikosi kilichotoka Rhodesia, chini ya Kanali Murray, kiliizingira Kasanga, na merikebu ndogo za Waingereza zikatokea ziwani. Usiku Wajerumani waliteremka majini kwa mashua wakatoroka, na tarehe 8 boma la Bismarckburg likawa mikononi mwa maadui zao. Septemba iliangusha yaliyosalia: Dar es Salaam tarehe 4, Tabora tarehe 19 kwa Wabelgiji. Dirisha lililotajwa katika kila noti halikuwa na mtu tena nyuma yake.

Hata hivyo noti ziliendelea kuzaliwa. Zipo zenye tarehe ya 1 Julai 1917, wakati ambapo Dar es Salaam ilikuwa imekaliwa na Waingereza kwa miezi kumi. Wakusanyaji huziita noti za porini. Ziligongwa kwa mihuri ya mpira, herufi zikienda upande, na wapo wanaosema kuwa herufi hizo zilitoka katika kisanduku cha kuchezea watoto. Ziwekwe kando ya zile za Leipzig, na umri wa benki, miaka kumi na miwili tu, utaonekana kwa jicho bila ya maelezo.

Jeshi lililobeba karatasi hizo liliingia Msumbiji, likarudi, na likaishia mahali ambapo mtu wa Ufipa angeweza kupafikia kwa miguu bila ya kuaga kwao kwa muda mrefu: Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka. Tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza, askari zaidi ya elfu moja waliweka silaha chini pale. Pamoja nao walikuwapo wapagazi, ambao idadi yao huandikwa aghalabu kwa haraka na baada ya kila mtu mwingine. Mishahara yao ilikuwa imelimbikizwa. Kamanda wao aliwaombea fedha kwa Waingereza akanyimwa, na watu wakapewa hati za kuonyesha wanachodai. Karatasi juu ya karatasi.

Baadhi ya madai hayo yalilipwa na Ujerumani katika miaka ya 1920. Si yote. Kijana wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyeingia jeshini akiwa mtoto pamoja na baba yake, alifika Berlin mwaka 1929 na akaenda mwenyewe katika Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Alijibiwa kuwa amechelewa. Alibaki huko, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika sinema, akakamatwa na Wanazi mwaka 1941, na akafa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Katika orodha ya wote waliosafiri kulitafuta dirisha la kulipwa, yeye ndiye aliyefika mbali zaidi. Husimuliwa pia kuwa mwaka 1964, bunge la Bonn lilipoamua kuwalipa wazee waliosalia, afisa aliyetumwa Mwanza aliwapa wale wasio na hati ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na mikono ya wazee ikajibu. Wapagazi hawakuwa na gwaride la kukumbuka.

Kwa upande wa noti hakukuwa na ufagio wa kuzipima. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ikaja florini mwaka 1920, na shilingi mwaka uliofuata. Hata marki yenyewe, ambayo rupia ya Helfferich ilifungwa kwayo, iliyeyuka mwaka 1923 mpaka Wajerumani wakawa wanabeba noti kwa vikapu. Matanuri ya Ufipa nayo yalizimika polepole katika miongo hiyo, majembe ya viwandani yakachukua nafasi, na vijana wa nyandani wakaanza kushuka kwenda kutafuta shilingi ya kodi katika migodi ya kusini na mashamba ya mkonge ya Tanga.

Lugha imefanya hesabu yake yenyewe. Rupia na pesa tulizipata kutoka Bara Hindi; fedha ni ya Waarabu; noti na shilingi ni za Waingereza, kama yalivyo mapeni ambayo wazee wa Unguja bado wanayo midomoni. Benki ya Berlin, pamoja na simba wake na wafalme wake, haikutuachia hata neno moja. Kilichobaki ni hela, kijisarafu cha shaba, sehemu ya mia ya rupia, kitu ambacho wanahisa wa benki wasingeinama kukiokota. Chenyewe kilifutwa zamani, na jina lake likapanda cheo: kutoka sarafu ndogo likawa jina la mali yote, kutoka mrima hadi maziwa makuu.

Magofu ya boma yapo Kasanga juu ya ziwa. Malungu kadhaa bado yamesimama katika nyanda, mengine yamebomoka vinywa, mengine majani yameota ndani. Noti za porini zimo katika majalada ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, kila moja ndani ya kifuko chake cha plastiki. Na katika soko la Sumbawanga, anayesimama mbele ya fungu la majembe yaliyoletwa kutoka kiwandani, akilipima moja kwa kulinyanyua mara mbili tatu, huulizwa na mwenye duka kama ana hela.